Mbwa wa Dorcas

Molo,
11 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na mbuzi hawajambo. Mimi ni mzima. Nilifika salama na kesho yake nikaingia kazini. Kondoo wanazaa wakati huu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniuliza mengi, na hilo limenifaa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu haitusaidii tena. Jumapili nilipaza sauti mpaka Nyaboke, mwenzangu wa chumba, akatoka nje, na wewe kila nililouliza ukanijibu, "Ndiyo, mvua bado." Sikulaumu, masikio ni masikio. Barua nitampa kondakta wa basi aishushe Malindi, na Mahadhi wa duka ataibeba akienda kufuata bidhaa. Nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Watu hapa wananipa pole kwa ajili ya Mama, nami nasema asante. Ni kana kwamba wanampa mtu aliyesimama nyuma yangu. Tangu tumzike sijalia. Nakuambia ili ujue tu, usijisumbue.

Jana nilimsimulia Nyaboke habari za mbwa wetu. Nilimwambia kwamba babu Lewa, babake Mama, alikuwa mchungaji kwenye ranchi ya Wazungu, na ranchi ilipofungwa akaondoka na mbwa jike mmoja wa kondoo. Kwamba Mama alipokuja kuolewa Magarini alikuja na masanduku, na vyungu, na mtoto wa mbwa kwenye kikapu, na jamaa zako wakacheka wiki nzima. Na kwamba tangu hapo Mama ndiye aliyekuwa akichagua nani azae na nani, na mtoto gani abaki. Nyaboke aliuliza wamebaki wangapi. Nikasema mmoja, jina lake Waseme. Akacheka jina. Nikamwambia Mama alimpa jina hilo kwa sababu ya majirani.

Baba, Waseme ni wa mwisho pale nyumbani. Tafadhali usimwache apandwe na mbwa yeyote wa njiani. Akipata joto mfungie mpaka tujue la kufanya.

Mwanao,
Linet


Magarini,
2 Aprili 2024

Mwanangu Linet,

Salamu nyingi. Marahaba. Barua nimeipata, Mahadhi aliileta ikiwa na harufu ya sabuni. Mimi ni mzima, kifua kinakuja na kuondoka. Mvua imeanza. Mahindi nimepanda upande wa chini peke yake.

Mbwa yupo. Anakula. Shida ni kwamba hanisikii. Mama yako alikuwa akimwita kwa kualiza ulimi, na mimi meno yangu ya mbele unayajua, nikiualiza inatoka hewa. Siku za kwanza aliniangalia tu. Sasa nampungia fimbo. Nikiinyoosha kulia anazunguka kulia, nikiishusha anasimama. Mbuzi wanarudi. Siwezi kusema kazi hii ni nzuri, ila wanarudi.

Umeniandikia nimchunge asipandwe. Mimi mambo ya uzao sikuwahi kuyaingilia. Mama yako alikuwa akikaa pale kwenye kinu akiwatazama watoto wa mbwa asubuhi nzima, nami nikimuuliza anatazama nini ananiambia, "Nenda shamba, baba Linet." Basi nilikuwa naenda shamba.

Nyale, jirani yetu, anasema nimlete dume lake. Ni mbwa mkubwa, mwekundu, anauma kuku. Nimemwambia nitafikiri.

Zipporah wa kanisani alikuja kuchukua nguo za mama yako kwa ajili ya kina mama wenzake. Nilimwachia ajichagulie mwenyewe. Nilikuwa nafunga kamba ya zizi.

Baba yako,
Mwaringa


Molo,
20 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Hapa ni baridi na matope, wana-kondoo wengine tunawalaza jikoni karibu na moto. Mimi sijambo.

Dume la Nyale hapana, Baba. Nakuomba sana.

Nimewatazama mbwa wa hapa kwa makini, ukizingatia nalipwa kwa kukaa nao. Ni jamaa wa mbali wa mbwa wa Mama, unaona kwa shingo nyeupe na ncha ya mkia. Lakini hawa hulala chini tumbo likigusa nyasi, wakamkodolea kondoo macho mpaka kondoo anatetemeka. Kwa kondoo elfu kwenye uwanja wazi ni sawa. Mbuzi wetu wangekimbia mpaka Mto Sabaki. Waseme anatembea wima, polepole, kama mtu mwenye haki yake. Hang'ati. Mbuzi akizaa porini anabaki naye hata kundi likienda. Na habweki ila pana kitu kigeni. Hayo hakufundishwa. Nimemwona akiyafanya angali mdogo, na mamake pia, na nyanyake. Ndiyo Mama aliyokuwa akiyatazama pale kwenye kinu.

Mwenye shamba hapa alisikia nikizungumza akasema atanipa dume dogo lenye hati za ukoo. Ni mzuri wa kupiga picha. Nilimshukuru. Nyaboke aliniambia, "Wewe chukua, mbwa ni mbwa." Nilimtazama yule mtoto akimkodolea kuku macho nikajua si wetu.

Sasa sikia. Unamkumbuka Twahir wa Takaungu, yule aliyekuja kununua mbuzi wa kuzaa, Mama akampa na mtoto wa mbwa kama nyongeza? Mtoto yule alikuwa dume, na mamake na mama wa Waseme walikuwa ndugu. Si karibu mno, si mbali mno. Kama bado yuko hai, ndiye. Mpeleke Waseme huko akipata joto. Najua ni safari na wewe hupendi kwenda kwa watu. Nisingekuomba kama pangekuwa na mwingine.

Mwanao,
Linet


Magarini,
30 Juni 2024

Mwanangu Linet,

Salamu. Mimi ni mzima. Muhogo umeshika.

Nilikwenda Takaungu. Nilipata lori la makuti la kijana wa Kakuyuni, nikapanda nyuma na mbwa. Alitapika mara moja tulipopita Kilifi, kisha akalala juu ya mguu wangu.

Twahir mifugo yake iko nje ya mji, juu, penye mikorosho. Dume yuko hai. Mama yako alimpa jina Hayawahusu, na Twahir anamwita Husu. Amezeeka mdomoni, lakini nilimwona akileta ng'ombe na nilisimama. Ni ule mwendo wenyewe. Nilidhani ni Waseme aliyenitoroka.

Nilimuuliza Twahir kama majirani hawamsemi kwa kufuga mbwa. Alinisogelea sikioni akasema, "Wanasema sana, mzee. Mimi nawaambia mbwa wa mifugo ana ruhusa. Nyumbani haingii, chombo changu halambi, na ng'ombe wangu hajaibiwa hata mmoja. Wao ng'ombe wao wako wapi?"

Kisha akauliza, "Na mama yule hajambo? Yule aliyenipa mbwa akanifanya niape kwamba sitamfunga mnyororo?"

Nikamwambia amekufa mwezi wa pili.

Alinishika mkono. Halafu akasema, "Makiwa, mzee. Makiwa makubwa." Akamwita mkewe, Hindu, akamwambia, naye akaja akaketi chini mbele yangu. Wakaninunulia samaki. Nilikaa kwao mpaka kazi ya mbwa ikaisha, siku kadhaa, na kila siku Hindu aliniuliza jambo moja kumhusu mama yako. Alikuwa akipika nini. Alikuwa mrefu? Nilimjibu. Niliona si vigumu, ni kama kumwelezea mtu njia.

Twahir hataki malipo. Anataka mtoto mmoja, dume, kwa sababu Husu hajabakiza miaka mingi.

Nilipokuwa huko, watu wa mifugo walikuja shuleni hapa kuchanja mbwa. Nimeambiwa watarudi.

Baba yako,
Mwaringa


Molo,
14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na ndoo mkononi. Asante kwa kwenda. Mpe Waseme dagaa ukipata, na maziwa, na usimpeleke mbali tumbo likianza kuonekana. Atazaa mwezi wa nane. Watengenezee mahali chini ya ghala, ndipo Mama alipowaweka siku zote, pana upepo na hapanyeshewi.

Watoto wakifumbua macho, watazame tu. Usichague upesi.

Mimi ni mzima. Bado niko vile vile. Nyaboke ananiambia nina uso wa mtu anayengoja gari.

Mwanao,
Linet


Molo,
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako tangu barua ya Takaungu. Nilimpigia Mahadhi, akasema amekuona ukinunua chumvi, kwa hiyo najua uko hai. Waseme amezaa? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Linet


Magarini,
12 Septemba 2024

Mwanangu Linet,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa. Nakuandikia mambo kama yalivyokuwa.

Waseme alizaa watoto watano chini ya ghala. Mmoja alikufa siku ile ile. Waliobaki walikuwa wazuri, wenye shingo nyeupe. Nilitaka nikuandikie wakifumbua macho, na walipofumbua nikasema wacha watembee kwanza.

Wiki iliyopita, mchana, alikuja mbwa asiyejulikana kutoka upande wa barabara. Alikuwa akitembea kama mlevi, mate yanamtoka. Mimi sikumsikia. Nilikuwa zizini na wana-mbuzi, mgongo wangu uko kwake. Waseme aliwaacha watoto wake akaja akasimama kati yetu na yeye. Yule mbwa akamrukia. Nilimpiga kwa mpini wa jembe, akanigeukia akanishika mkono kwa meno, kisha Nyale na wanawe wakaja wakammaliza.

Mtu alimpigia simu daktari wa mifugo. Akaja kwa pikipiki, binti wa Lamu, jina lake Sumeiya. Alimtazama yule mbwa aliyekufa akasema ni kichaa, hakuna shaka. Akamtazama Waseme. Alikuwa ameumwa begani na sikioni. Akaniuliza kama amechanjwa. Nikasema hapana.

Aliandika kwenye karatasi, kwa sababu aliona sisikii, na alikuwa mpole. Aliandika kwamba ugonjwa huchukua muda kuingia, kwamba leo mate ya Waseme hayana kitu, na watoto wakiondolewa kwake leo hii wako salama. Lakini Waseme mwenyewe, ama afungiwe peke yake miezi mingi mahali pa kufuli ambapo mtu wala mbuzi hamgusi, ama achomwe sindano ya mwisho.

Nina nyumba ya udongo na zizi la miti. Mama watoto wa Nyale alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Alikuwa akimtazama Waseme. Hakuhitaji kusema.

Nilimwambia daktari, "Mchome."

Nikawatoa watoto kwanza, nikawapeleka ndani kwenye beseni. Kisha nikamshika kichwa Waseme. Alidhani nataka ageuze mbuzi, maana fimbo ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimeisahau. Alitazama fimbo mpaka akalala.

Tulichimba shimo refu, kama alivyoelekeza. Daktari aliniambia niende hospitali Malindi siku hiyo hiyo, na Nyale akanipeleka. Walinichoma. Nikarudi mara ya pili, wakanichoma. Walisema nirudi tena, lakini watoto hawa wanataka maziwa kila wakati na sina wa kumwachia. Nawapa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi, nachovya kidole wananyonya. Kidonda kimefunga vizuri.

Sikulia. Nilidhani ningelia kwa ajili ya mbwa, maana kilio cha mbwa ni rahisi.

Baba yako,
Mwaringa


Molo,
16 Septemba 2024
(kwa mkono wa Mahadhi)

Baba,

Sikuamkii. Ninamsomea Mahadhi kwa simu na yeye anaandika neno kwa neno, na nimemwambia akuletee sasa hivi, afunge duka.

Uende Malindi leo. Si kesho. Leo. Kidonda kufunga hakuna maana yoyote, Baba! Kichaa hakikai kwenye ngozi. Kinapanda taratibu mpaka kichwani, na siku kitakapofika hakuna sindano, hakuna daktari, hakuna dua. Sindano ulizoacha ndizo zinazokizuia. Walikuambia urudi, ukaona mbwa wanataka uji!

Najua ni mbwa wa Mama. Mimi ndiye niliyekuomba. Wafe wote, unanisikia? Waache wafe kwenye beseni. Ukoo wote uishe leo. Mimi simtaki hata mmoja. Nimemzika mama, na sitakuja kusimama tena pale pale mwaka huu huu.

Zipporah nimempigia, anakuja kukaa na watoto hao. Nyale anawasha pikipiki. Huna kisingizio.

Mwanao,
Linet

Mzee Mwaringa, mimi naandika tu alivyosema, binti anapiga kelele mno na sasa amenyamaza na sijui kama amekata simu. Tafadhali twende. Mahadhi.


Magarini,
24 Septemba 2024

Mwanangu Linet,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Barua yako ilinikuta nikikamua. Mahadhi alinishika kola. Hata mimi kiziwi nilisikia kelele zako kwenye karatasi ile. Hujawahi kunipigia kelele maisha yako yote, wala mama yako hakuwahi.

Nilikwenda. Daktari wa hospitali alinigombeza naye, kisha akanichoma na kunieleza siku za kurudi, na Nyale amezichora kwa mkaa ukutani. Nimekwenda tena jana. Wanasema nimewahi. Mkono unauma kuliko siku ulipoumwa na mbwa.

Zipporah alikaa na watoto. Mmoja alikufa mikononi mwake, yule mdogo kabisa. Alilia sana, nikampa maji. Wamebaki watatu, madume wawili na jike.

Uliandika wafe wote. Sikukasirika. Lakini sikuweza kuwaacha, mwanangu, na si kwa sababu ya ukoo. Ni kwamba asubuhi nikiamka pana kitu kinachonihitaji niinuke.

Sumeiya alirudi kuwaona. Wakifika umri atawachanja, pamoja na mbwa wote wa huku. Nimemwambia aanzie kwangu.

Baba yako,
Mwaringa


Molo,
10 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mkono vipi? Mahadhi aliniambia umemaliza sindano zote. Mulungu ashukuriwe.

Siku ile nilipokata simu nilikaa juu ya ndoo nje ya zizi la kondoo nikatetemeka mpaka Nyaboke akaniletea blanketi. Hakikuwa kilio. Sijui kilikuwa nini. Baadaye nikarudi kazini.

Nimefurahi kwamba Twahir alikuja mwenyewe kumchukua dume lake, na kwamba Zipporah amemchukua yule mwingine akampeleka kwa kakake Kakuyuni. Mwambie Zipporah aandike mahali jina la mama na la baba, na kwamba asizalishwe ovyo. Jike akikua tutamtafutia mume mbali kidogo, nje ya hawa. Huku kuna mzee wa Njoro anayefuga wa kizamani, wanaotembea wima. Nitakwenda kuwaona.

Krismasi sitakuja. Mwenye shamba angenipa ruhusa, sitaki kukudanganya kwamba amenikatalia. Ni mimi. Nikifikiria kushuka pale njiani, nione nyumba na jiko bila moshi, naona heri nibaki. Huku angalau naweza kudhani hakuna kilichobadilika. Nisamehe.

Umempa jina gani yule jike?

Mwanao,
Linet


Magarini,
19 Januari 2025

Mwanangu Linet,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Jua ni kali, majani yamekwisha upande wa juu na sasa nawapeleka mbuzi karibu na bonde.

Jike nimempa jina Bado. Zipporah anauliza bado nini. Sijamjibu.

Jana asubuhi niliwafungulia mbuzi nikarudi ndani kuchukua kofia. Nilipotoka, walikuwa wameshashika njia ya muhogo wa Nyale, wote, yule beberu mweusi mbele. Sikuwa na fimbo. Yule jike, Bado, alikuwa miguuni pangu, anajikuna. Hajawahi kutumwa popote, nilikuwa nasema wacha akomae.

Aliinua kichwa akawaona. Akaondoka. Hakukimbia kuwafuata, Linet. Alizunguka mbali kabisa, kwa nje ya mkorosho, akatokea mbele yao, akasimama. Kisha akaanza kutembea. Wima, mkia chini, hana haraka. Beberu alipiga mguu chini, naye akazidi kumjia tu. Beberu akageuka. Wote wakageuka. Akawaleta mpaka hapa mlangoni bila kumng'ata hata mmoja, na hakuna mtu duniani aliyemfundisha, hata mamake hakumwona akifanya kazi.

Nikapiga ukelele. Nikasema, "Dorcas! Njoo umwone!"

Na nikageuka kabisa, mwanangu. Niligeukia jikoni kumngoja mama yako atoke.

Mwaka karibu unatimia na sikuwa nimefanya hivyo hata siku moja. Nilidhani nimeshajua. Nilikaa chini pale pale mavumbini, na mbuzi wakanizunguka, na Nyale alikuja kutoka kwake kwa sababu alinisikia, na mimi sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi hicho. Alikaa nami mpaka jua likawa kali. Hatukwenda malishoni jana.

Nimekuandikia habari za mbwa mwaka mzima kwa sababu ndizo nilizoziweza. Nawe umenijibu za mbwa. Hatukukosea. Lakini jambo lile la jana sina wa kumwambia. Zipporah ni mtu mwema, ila angesema tu, "Mbwa hodari." Ni wewe peke yako ungejua nimeona nini.

Jiko halina moshi, ni kweli. Usiogope, nitakungoja kule barabarani, tuingie pamoja.

Usinijibu kwa barua.

Baba yako,
Mwaringa